Nimehudhuria uzinduzi wa albamu 2 za rock 7th St Entry, Minneapolis: santuri, fulana na aibu niliyojipatia mbele ya jukwaa

#1 Kijana wa Buguruni (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Nimekaa na hii stori wiki nzima nikijiuliza niilete au nife nayo. Nimeona niilete, maana aibu ukiibeba peke yako inazidi kuwa nzito.

Niko Minneapolis, mwaka wa 4 huu. Napiga kazi nyumba ya wazee, zamu ya usiku. Nina mwenzangu wa zamu, mzungu wa hapahapa, mpole, mikono mirefu kama makasia. Miezi 6 tunageuza wazee na kubadilisha mashuka pamoja, sikujua kama jamaa ni mpiga besi. Usiku mmoja saa 9 tunakunywa kahawa, akaniambia: Ijumaa ijayo tunazindua albamu, sisi na bendi nyingine, nimekuandika kwenye listi.

Wakuu, mimi nimekulia Dar. Mtu akikuambia ana shughuli na kakuandika kwenye listi, akili inakimbilia kadi ya mchango. Nikamuuliza kwa unyonge, "Single au double?" Hakuelewa. Nikarudi nyumbani nikaweka dola 40 kwenye bahasha, kimyakimya.

Majina ya bendi nayabana makusudi. Jamaa hajui kama nimemwandika huku.

#2 Kigoda Mbele

Single au double 😂😂 Nimeshakaa. Uzi bila picha haunogi lakini shuka nayo tu.

#3 Kijana wa Buguruni

Tuanze na ukumbi wenyewe. Katikati ya mji, kona ya First Avenue na mtaa wa 7, kuna jengo jeusi lenye umbo la mviringo pale konani. Mwaka 1937 lilijengwa kama stendi ya mabasi ya Greyhound. Ndiyo, stendi! Mwaka 1970 likageuzwa klabu, na leo linaitwa First Avenue. Ukuta wa nje umechorwa nyota mamia kwa mamia, kila nyota ina jina la mwanamuziki au bendi iliyopiga pale. Zote nyeupe nyeupe, isipokuwa ya Prince. Hiyo ina rangi ya dhahabu tangu alipofariki 2016.

Ukumbi mkubwa unaingiza watu 1,550. Ila ubavuni kuna kijichumba chenye mlango wake, kilichofunguliwa 1980, kinaingiza watu 250 basi. Hicho ndicho 7th St Entry. Ukitoka Buguruni unaweza kudhani ni stoo: kuta nyeusi, dari unakaribia kuligusa, jukwaa limekuja juu kidogo tu ya goti. Jamaa yangu anakiheshimu kile chumba kama msikiti. Anasema bendi ya hapa haijawa bendi mpaka isimame Entry.

Tangazo la onyesho lilisema mlango unafunguliwa saa 1 usiku, muziki saa 1 na nusu. Nikajua ni mambo yetu, nikaenda saa 3. Wakuu, nikakuta bendi ya kwanza imeshapiga, imeshafungasha, mpiga drami wao anakula pizza nje kwenye baridi.

#4 Baridi Kali

Mimi niko Brooklyn Park, nesi. Kaka, hilo la muda lilinipata hata mimi. Hawa watu saa 5 usiku wanakuwa wameshamaliza na taa zimewashwa. Tena ukienda tena beba vile vizibo vya masikio, baa nyingi wanavyo ukiwauliza. Mimi mara ya kwanza nilitoka masikio yanalia mpaka kesho yake nikiwa wodini.

#5 Mzee wa Solo

Vijana msinichekeshe. Hiyo ni disko la chekechea. Sisi pale DDC Kariakoo, bendi ya Sikinde wanaanza kupasha vyombo saa 3, saa 6 ndipo muziki unakolea, saa 9 unatoka jasho linakutiririka na nauli umeshawatunza wapuliza tarumbeta. Uzinduzi wa watu 250 ni uzinduzi au kikao cha ukoo?

#6 Kijana wa Buguruni

Mzee wa Solo shikamoo. Nilifikiri kama wewe. Subiri nifike.

Bendi zilikuwa 3. Ya kwanza kufungua, mbili za kuzindua. Sasa kilichonishangaza: drami zilikuwa seti moja kwa bendi zote. Kila mpiga drami anakuja na matoazi yake na snea yake (ile ngoma ndogo yenye mlio mkali) tu, anafunga, anapiga, anafungua, anampisha mwenzake. Spika ya besi vilevile. Jamaa yangu alikuwa bendi ya mwisho lakini yeye ndiye aliyekuwa amepiga magoti anashika waya wa bendi ya pili uliokuwa unachezacheza. Ameshika wimbo mzima, kidole kwenye tundu, kama anaziba bomba la maji. Hawa ndio washindani wake kwenye usiku uleule!

Jukwaa hakuna mnenguaji, hakuna sare, hakuna mtu wa kutaja majina ya vigogo. Vijana 4 wamevaa nguo walizotoka nazo kazini. Mwimbaji wa bendi ya pili, binti mwembamba wa miwani, anaongea kwa kunong'ona katikati ya nyimbo, halafu gitaa likiingia unadhani ukuta umeanguka. Kisha linakatika ghafla, anabaki na sauti yake tu, na watu 200 wamenyamaza unasikia friji ya baa inanguruma. Muziki wenyewe sikuuelewa wote. Lakini kile kimya kilinisisimua.

#7 Mlipa Kodi

Tuambie hela mkuu. Watu 250 kiingilio dola ngapi? Wanakula nini hao?

#8 Nairobi Kelele

Maze nangoja hiyo pia. Halafu mzee hapo juu asidhani rock ni ya wazungu pekee. Nairobi tumekuwa na bendi kama Parking Lot Grass, Murfy's fLaw, Crystal Axis. Tulikuwa tunajazana baa ya Choices pale Baricho Road, na redio ya X FM 105.5 ikatulea kabla haijazimwa. 2020 vijana wawili wa Nairobi, Duma, walitoa albamu kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala na dunia ikaisikia. Shida yetu si talanta. Ni kwamba ukumbi ukianza kuzoeleka, kesho umegeuzwa mahali pa DJ na shisha.

#9 Kijana wa Buguruni

Nairobi Kelele umegusa penyewe, nitarudi hapo.

Mlipa Kodi, hesabu nilipewa na jamaa mwenyewe tukiwa tunakunja mashuka, kwa hiyo zichukue kama za bendi yake tu. Kiingilio dola 15. Ukumbi unatoa kwanza gharama zake, fundi mitambo, mabaunsa, kinachobaki kinagawanywa kwa bendi 3. Ukigawa tena kwa watu 4 wa kila bendi, anasema amewahi kurudi nyumbani na pesa ya kujaza tangi na kununua baga.

Hela iko mezani. Nyuma ya ukumbi kuna meza, juu yake fulana, santuri, kaseti (ndiyo, kaseti zimerudi), vibandiko. Anayeuza si mfanyakazi. Ni mpiga gitaa mwenyewe, jasho halijakauka, anatafuta saizi yako kwenye boksi. Fulana dola 30, santuri dola 28. Walichapisha santuri 300, walijichangisha wenyewe, na usiku ule ndio uliotakiwa kurudisha nusu ya mtaji.

Mtandaoni? Kwa makadirio ya wanamuziki wenyewe, kusikilizwa mara 1,000 Spotify ni kama dola 3 au 4, na tangu 2024 wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 ndani ya mwaka haulipwi kitu kabisa. Fulana moja wakipata faida ya dola 15, ni sawa na wimbo kusikilizwa mara 4,000 na ushee. Kwa hiyo ile meza ndiyo shamba. Ndiyo maana wanapenda sana Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, ambako makato ni asilimia 15 kwa nyimbo na 10 kwa vitu vya kushika mkononi, kinachobaki ni chao, ukitoa makato ya malipo.

#10 Mlipa Kodi

Na ukumbi haukati kwenye fulana? Nimesoma kuna kumbi zinadai asilimia.

#11 Kijana wa Buguruni

Zipo nyingi zinazokata, na ni ugomvi mkubwa kwa wanamuziki. Mpaka Live Nation, lile dubwana la matamasha, Septemba 2023 walitangaza kuacha kukata kwenye klabu zao za Marekani na kuwapa wanamuziki dola 1,500 za mafuta kwa kila onyesho. Kumbi binafsi zikalalamika kwamba tajiri anagawa pipi ili awamalize wao. Mimi naona wote wana hoja. Jamaa yangu usiku ule aliondoka na hela ya fulana zote.

#12 Mzee wa Solo

Marahaba kijana. Sasa unaongea. Kumbe matatizo yaleyale. Enzi za RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, unaingia studio, mnarekodi nyimbo, mnalipwa kitu kidogo mkono kwa mkono, wimbo unapigwa redioni miaka 30, mrahaba hauuoni. Bendi iliishi kwa mlango na kutunzwa. Ndiyo maana nyimbo zetu zilianza ukumbini. Msondo, Sikinde, wote: unautambulisha wimbo Magomeni, unaona watu wanauchukuliaje, unapunguza ubeti, unaongeza solo, ndipo unaupeleka redioni. Ukifika studio umeshaiva.

Hao wenzako wanarekodi kwanza halafu ndio wanakuja kwa watu?

#13 Kijana wa Buguruni

Mzee hilo nilimuuliza! Anasema nusu ya nyimbo walishazipiga mwaka mzima kwenye vibaa na sebule za watu. Nusu nyingine zilizaliwa kwenye chumba cha chini nyumbani kwa mama wa mpiga gitaa, na usiku ule ndio mara ya kwanza mtu wa nje kuzisikia moja kwa moja. Ukimwangalia ulikuwa unaona zipi ni zipi. Zile za zamani anapiga anaangalia watu. Zile mpya anaangalia vidole.

Na ule mji una mila hiyo. 1981 Hüsker Dü, vijana watatu wa hapa, walirekodi albamu yao ya kwanza palepale Entry, mubashara. The Replacements na Soul Asylum walikulia mlemle, na lebo ndogo ya hapa, Twin/Tone, ilikuwa inatoa santuri zao. Prince naye Agosti 3, 1983, ukumbi mkubwa wa pembeni, alipiga onyesho la kuchangia kikundi cha dansi, akarekodi, na nyimbo 3 za usiku ule ndizo zilizoingia kwenye albamu iliyouza mamilioni. Ukumbini kwanza, mzee. Kama Magomeni.

#14 Kigoda Mbele

Mkuu historia nzuri ila tulikuja kwa ajili ya AIBU.

#15 Baridi Kali

Tunaomba aibu 🙏

#16 Kijana wa Buguruni

Haya.

Bendi ya jamaa yangu imepanda. Wimbo wa 4, gitaa zote mbili zikanyamaza, likabaki besi na drami. Jamaa akasogea mbele, macho kafumba, anapiga kitu kinachozunguka zunguka, kizito, kama treni ya mizigo inapita Tazara usiku. Wakuu, huyu ni mtu ambaye kazini haongei. Huyu ndiye aliyemshika mkono bibi wa chumba cha 12 mpaka akakata roho, hakusema neno, alfajiri akaenda kufua shuka. Leo yuko pale anaongea.

Damu ya Dar ikanipanda. Nikajikuta natembea. Watu wananipisha wakidhani naenda msalani. Nikafika jukwaani, nikatoa noti ya dola 5, nikainua mkono, nikambandika kwenye paji la uso.

Ikaganda. Kwa lile jasho, ikaganda barabara kama stempu.

Ukumbi mzima ukapigwa ganzi. Mimi hapo ndipo akili ikarudi, nikagundua nimesimama mbele ya watu 200 wasiojua nimefanya nini. Jamaa hawezi kuitoa, mikono yote iko kwenye besi. Akafumbua jicho moja, akaniona, akacheka mpaka akakosea noti mbili za muziki. Baunsa akanigusa bega, kwa adabu kabisa: "Rafiki, jukwaani hapana." Nikarudi nyuma kinyumenyume kama nimetoka kumsalimia sultani.

Na hapo ndipo kijana mmoja mlevi, Mungu ambariki, akadhani ni mila ya bendi. Akaenda na dola 1 akambandika mpiga gitaa. Ikadondoka. Gitaa halitoi jasho la kutosha.

#17 Nairobi Kelele

NIMEKUFA. Gitaa halitoi jasho la kutosha 😭 nimecheka mpaka mtoto ameamka

#18 Mzee wa Solo

Hujakosea kitu. Ulimtunza. Mpiga ala akikugusa humtazami kama sanamu. Ukumbi wa Mango Garden, Jumamosi ya bendi ya Twanga Pepeta, ungekuta foleni. Kosa lako ni moja: dola 5 kwa besi la namna hiyo ni ubahili.

#19 Mlipa Kodi

Na ile bahasha ya 40?

#20 Kijana wa Buguruni

Baada ya onyesho nikaenda mezani, nikampa bahasha. Akafungua, akauliza ni ya nini. Nikamweleza mambo ya mchango: kwamba kwetu mtu akiwa na shughuli, jirani hawezi kuja mikono mitupu. Akaitazama muda. Akasema hawezi kupokea hela bure, lakini anaweza kuniuzia. Nikachukua fulana, saizi kubwa tu ndiyo iliyokuwa imebaki, nalalia. Nikabaki na dola 10, nikasema niongezee santuri. Akasema santuri 28. Nikasema mimi sina hata mashine ya kupigia. Akanipa kwa 10, ndipo wote 4 wakaisaini kwa kalamu ya wino mwekundu. Iko juu ya friji.

#21 Nairobi Kelele

Sasa rudi kwa ile ya kumbi. Uliahidi.

#22 Kijana wa Buguruni

Sawa. Nilichokiona ni hiki. Mimi nilidhani wenzetu bendi zao zinaishi kwa sababu watu wana hela. Lakini jamaa yangu hana hela, anageuza wazee kama mimi. Kinachomfanya awe na albamu ya 2 ni kwamba kuna chumba kimoja ambacho tangu 1980 hakijahama. Anajua akifanya kazi miaka 2, kile chumba kitakuwepo, watu wake watajua njia ya kwenda.

Na chenyewe kimeponea chupuchupu. 2004 First Avenue ilifilisika ikafungwa, mji ukahaha mpaka ikafunguliwa tena wiki chache baadaye. 2020 korona ikafunga kila kitu. Mmiliki wake, Dayna Frank, akawa rais wa chama cha kumbi binafsi kilichoundwa mwaka uleule, NIVA, wakamshika Seneta Klobuchar wa hapa Minnesota na mwenzake Cornyn wa Texas, mmoja Democratic na mwingine Republican, na Desemba ile Bunge likapitisha dola bilioni 15 za kunusuru kumbi, majumba ya sinema na ya maigizo. Walikwenda kulilia vyumba vya giza vinavyonuka bia, na wakasikilizwa.

Sisi nani alililia kumbi za dansi? Mimi Mango Garden nimeingia nikiwa mdogo, nimeshikwa mkono na mjomba. Mtoto wa dada yangu leo yuko Dar hapohapo, hajawahi kuona tumba inapigwa na mtu.

#23 Mzee wa Solo

Hapo umenikata maini. Bendi hazikufa kwa kukosa wapigaji, wapigaji tupo. Mimi nina gitaa chini ya kitanda. Ila nakupinga kidogo: wamiliki wa bendi nao walichangia. Vyombo vya bosi, jina la bosi, ukikorofishana naye unatoka na nguo zako. Hao vijana wako vyombo ni vyao. Hiyo ndiyo tofauti kuliko hata ukumbi.

#24 Kijana wa Buguruni

Mzee, hilo sikuwa nimelifikiria. Kweli. Hata hilo gari lao bovu la kubebea vyombo ni la mpiga drami.

#25 Baridi Kali

Nyongeza kwa walioko huku: si lazima muanze na kelele. Cedar Cultural Center, pale Cedar-Riverside kwa ndugu zetu Wasomali, zamani ilikuwa sinema, sasa ni ukumbi usio wa biashara tangu 1989. Wameshaleta sana wanamuziki wa Kisomali kupitia mradi wao wa Midnimo. Nimekaa pale kwenye kiti, na chai, kama binadamu.

#26 Kijana wa Buguruni

Mrejesho wakuu, nimetoka zamu asubuhi hii.

Jamaa alikuwa ameniuliza ile noti maana yake nini hasa, nikamweleza kutunza kama nilivyoweza: si sadaka, si malipo, ni kumwambia umenifikia. Akanyamaza kama kawaida yake. Leo akanionyesha picha kwenye simu. Ile dola 5 ameigandisha kwa gundi ya karatasi juu ya spika yake ya besi, imekunjamana, ina alama ya jasho.

Mwezi ujao wanapiga Turf Club, St. Paul. Amesema mwimbaji wao ameuliza kama nitakuja, na kama nina ndugu.

#27 Baridi Kali

Nitakuja mimi kama ndugu. Turf Club unashukia wapi, sitaki kuendesha kwenye barafu.

#28 Kijana wa Buguruni

Treni ya Green Line dada, shuka kituo cha Snelling, hata dakika mbili kwa mguu hazifiki. Saa 1 na nusu, si saa 3. Na upite benki kwanza, uchukue noti za dola 1 moja.